Ukuta Unaozaliwa Ndani ya Tope

Mchimba kisima wa pwani, awe Kigamboni au Likoni, anajua jambo hili bila kulisomea darasani: mchanga wenye unyevu unasimama kidogo, mchanga uliofikia maji hausimami kabisa. Unachota ndoo moja, pembeni zinaporomoka mbili. Ndiyo maana anashusha pete za zege, anachimba chini yake, zinazama kwa uzito wake zenyewe, anaongeza nyingine juu. Sasa chukua tatizo hilohilo uliweke katikati ya jiji. Shimo lina upana wa kiwanja kizima, linakwenda chini mita 30, maji yako mita mbili tu kutoka uso wa ardhi, na mita tatu kutoka ukingoni kuna nyumba ya watu inayokaliwa. Pete za kisima hazisaidii hapo. Hakuna nafasi ya kuchimba kwa mteremko, na ukisukuma maji nje ya shimo, ardhi ya jirani inakauka na kushuka pamoja na nyumba yake.

Jibu ambalo wahandisi wamelitegemea tangu miaka ya 1950 ni ukuta wa diaframu, ambao wengi huuita ukuta wa tope. Unachimba mtaro mwembamba na wenye kina kirefu ukiwa umejaa tope la bentonaiti muda wote. Unashusha kizimba cha nondo ndani ya tope hilo, kisha unamwaga zege kuanzia chini, nalo linalisukuma tope litoke juu. Unarudia kipande kwa kipande hadi umezunguka kiwanja. Baada ya hapo ndipo unapoanza kuchimba shimo lenyewe, ukuta ukiwa tayari umesimama. Njia hii ilikomaa Italia. Reli ya chini ya ardhi ya Milano, iliyofunguliwa mwaka 1964, ilijengwa kwa kutanguliza kuta hizi pande mbili za barabara, kisha paa, kisha magari yakaendelea kupita juu huku uchimbaji ukiendelea chini.

Kila hatua muhimu ya ukuta huu hufanyika gizani. Hakuna anayeona zege likishuka, wala kiungo kati ya kipande na kipande. Miezi kadhaa baadaye, shimo likiwa wazi, ndipo ukuta unapoonekana, na wakati huo maji ya upande wa pili yanausukuma kwa nguvu yote. Kwa hiyo mafanikio yake yanategemea vipimo vidogo vinavyochukuliwa kwa uaminifu siku ya kazi, na watu wanaokubali kusimamisha kazi vipimo hivyo vinapokataa.

Tuanze na tope, kwa sababu ndilo linalobeba kila kitu. Bentonaiti ni mfinyanzi laini sana unaovimba ukikutana na maji. Kilo 30 hadi 60 kwa kila mita ya ujazo ya maji zinatosha, kutegemea ubora wake. Huchanganywa kwa mashine ya kasi, kisha huachwa kwenye matangi saa 12 hadi 24 ili inywe maji vizuri. Ukiikimbiza, unapata maji yenye vumbi la udongo, si tope. Tope zuri likitulia huganda kama uji uliopoa, na likikorogwa hurudi kuwa majimaji. Tabia hiyo ndiyo inayoshikilia chembe za mchanga zisizame haraka, na ndiyo inayolizuia lisipotelee ardhini. Likigusa ukuta wa mtaro, maji yake huchujwa kidogo kuingia ardhini na mfinyanzi hubaki usoni kama utando wa milimita chache. Utando huo ni kama ngozi. Tope linausukuma, nao unaisukuma ardhi.

Nguvu ya msukumo huo si kubwa kama watu wanavyodhani. Tope jipya lina uzito wa takriban tani 1.05 kwa mita ya ujazo, maji yana tani 1. Chukua sehemu iliyo mita 10 chini ya kiwango cha maji ya ardhini, na uso wa tope uwe mita 1.5 juu ya kiwango hicho. Tope linasukuma kwa mita 11.5 mara 1.05, yaani tani 12.1 hivi kwa mita ya mraba. Maji ya ardhini yanasukuma kurudi kwa tani 10. Faida yako ni tani mbili tu. Tope likishuka mita moja, faida hiyo inabaki tani moja, yaani nusu. Na pale juu, sawa na kiwango cha maji, ambapo mchanga huwa umelegea zaidi, inatoka tani 1.6 hadi nusu tani: theluthi moja tu imebaki. Mita moja ya tope ni kitu cha dakika chache ukikuta mfereji wa zamani wa majitaka au changarawe kubwa. Ndiyo maana eneo la kazi haliwezi kukaa bila akiba ya tope iliyokwisha kunywa maji, na pampu iliyo tayari. Ikitokea tope linapotea kasi kuliko pampu inavyoleta, usibishane na ardhi: rudisha mchanga au zege hafifu mtaroni mara moja, ujaze, utulie, kisha uchimbe upya.

Vipimo vya tope ni rahisi, na havina kisingizio. Faneli ya Marsh inajazwa, kisha unahesabu sekunde ambazo lita moja kasoro kidogo (mililita 946) inachukua kutoka. Maji matupu huchukua sekunde 26. Tope jipya linatakiwa kati ya 32 na 50. Mizani ya tope inakupa uzito. Bomba dogo la kioo lenye chungio linakupa kiasi cha mchanga. Kabla ya kumwaga zege, mchanga usizidi asilimia 4 na uzito usizidi 1.15. Sampuli ichukuliwe karibu na sakafu ya mtaro, si juu ambako tope huwa safi siku zote. Anayepima juu anajidanganya kwa makusudi.

Kwa miji ya pwani kuna angalizo la ziada. Chumvi huiharibu bentonaiti: chembe zake zinashikana mafungu na kuzama, utando unakuwa mnene na dhaifu. Tope lazima lichanganywe kwa maji baridi ya bomba au kisima kizuri, na pale maji ya ardhini yana chumvi ya bahari, mtaro upimwe mara nyingi zaidi, au litumike tope la polima (kemikali inayofanya maji yawe mazito) badala yake. Saruji nayo hufanya hivyohivyo. Tope lililokutana na zege bichi huwa zito kama mtindi, na kiwango cha alkali hupanda. Magadi laini kidogo yanaweza kulirekebisha, lakini tope la mita ya mwisho lililogusana na zege kwa kawaida ni la kutupa.

Kabla ya mtaro wenyewe hujengwa kuta mbili elekezi za zege, kina mita 1 hadi 1.5, nafasi kati yake ikiwa pana kuliko ukuta kwa sentimita 2 hadi 5. Zinaonekana ni kazi ndogo, na mara nyingi hupewa timu ya wageni wa kazi. Ni kosa. Hizo ndizo zinazoelekeza mashine, zinazobeba kizimba cha nondo kikining'inia, na zinazozuia mita ya kwanza ya udongo uliofukiwa isianguke. Zikitikisika, kila kitu chini yake kinapinda.

Kuchimba hufanywa kwa ndoo ya taya mbili inayoning'inia kwenye kreni, ikichukua urefu wa mita 2.8 hivi kwa mdomo mmoja. Paneli, yaani kipande kimoja cha ukuta, ya mita sita au saba huchimbwa kwa midomo mitatu: pande mbili kwanza, kisha kipande cha katikati, ili taya ziwe na uzito sawa kushoto na kulia. Taya zikila udongo upande mmoja na tope tupu upande mwingine, zitaelekea kwenye tope na mtaro utapinda. Kwenye mwamba au kina kikubwa huja mashine yenye magurudumu mawili ya meno yanayosaga, huku tope likinyonywa juu pamoja na vipande vya mwamba na kuchujwa.

Kupinda ndiko kunakozaa uvujaji. Hesabu yake ni fupi. Mtaro wa mita 30 ukiinama kwa asilimia 0.5 umetoka kwenye mstari sentimita 15 kule chini. Paneli jirani ikiinama hivyo kuelekea upande wa pili, zimeachana sentimita 30. Kwenye ukuta wa sentimita 60, nusu ya kiungo haipo tena. Kwa hiyo wima hupimwa wakati wa kuchimba, kila mita chache, si mwishoni. Kupinda kwenye kina cha mita 8 kunaweza kusahihishwa. Kwenye kina cha mita 28 kunabaki kuandikwa tu.

Ardhi ya mjini ni ngumu kwa sababu watu wameishi juu yake. Mfano unaojulikana kuliko yote ni shimo la World Trade Center huko New York. Sehemu kubwa ya kiwanja hicho ilikuwa mto Hudson kabla haujafukiwa, na ndani ya kifusi kulikuwa na magati ya mbao ya zamani na kila aina ya taka za bandari. Reli ya chini ya ardhi ya kwenda New Jersey ilikatiza katikati na treni hazikusimama. Kati ya 1967 na 1968 ulijengwa ukuta wa sentimita 90 kwa unene, takriban mita 21 kwenda chini hadi ndani ya mwamba, urefu wake ukikaribia kilomita moja, kwa paneli za mita 6.7 hivi. Vizuizi vilipigwa kwa patasi nzito ya chuma ikiangushwa kutoka kwenye kreni mpaka vikavunjika. Kazi ya polepole, yenye kelele, isiyo na mbadala.

Mbadala pekee ni kukiacha kizuizi ardhini, na matokeo yake yanajulikana. Tarehe 3 Machi 2009 huko Cologne, Ujerumani, jengo la hifadhi ya nyaraka za jiji liliporomoka pamoja na nyumba jirani, vijana wawili wakafa, na nyaraka za zaidi ya miaka elfu moja zikafukiwa kwenye matope. Kando yake kulikuwa na shimo la reli ya chini ya ardhi lenye kina cha mita zaidi ya 25, katika changarawe na mchanga wa bonde la mto Rhine, lililozungukwa na ukuta wa tope. Mahakama ya Cologne ilipotoa hukumu mwaka 2018 ilikubali maelezo haya ya wataalamu: wakati wa kuchimba paneli moja, taya zilikutana na jiwe kubwa. Halikuondolewa lote. Udongo ulibaki chini yake mahali ambapo ilipaswa kuwa zege, na paneli ikamwagwa ikiwa na tundu la ardhi ndani yake. Lilikaa hivyo miaka. Uchimbaji ulipokaribia mwisho, tundu lilifunguka, na mchanga na maji vikaingia shimoni kwa dakika chache. Wafanyakazi walioona maji yakija walikimbia kuwaonya watu waliokuwa ndani ya hifadhi, na ndio waliookoa maisha ya wengi.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kinachoniuma ni jinsi kosa lilivyokuwa likionekana kwenye karatasi. Jiwe linapunguza ujazo. Paneli ya mita 6 kwa mita 1 ina eneo la mita za mraba 6, kwa hiyo lori moja la mita za ujazo 7 linapaswa kupandisha zege mita 1.17. Baada ya kila lori, unashusha kamba yenye kipimo na uzito mwishoni, unagusa uso wa zege, unaandika. Likipanda sentimita 90, mtaro umepanuka au zege linapotelea mahali. Likipanda mita 1.6, mtaro umepungua: udongo umeporomoka ndani au kuna kitu hakikuchimbwa. Mchoro wa lori dhidi ya kimo ni ushahidi pekee wa siku hiyo, na haugharimu chochote zaidi ya kamba na kalamu.

Mtaro ukifika kina, tope chafu hunyonywa kutoka sakafuni na safi huingizwa juu. Hapo ndipo huja kazi inayorukwa kuliko zote: kusugua uso wa kiungo. Paneli iliyotangulia imeacha ukingo wa zege, na kwenye ukingo huo umejibandika utando mnene wa bentonaiti, wakati mwingine na zege lililovuja nyuma ya kizuizi kilichowekwa mwishoni mwa paneli wakati wa kumwaga. Brashi nzito ya nyaya za chuma hufungwa kwenye ndoo na kupandishwa na kushushwa ukingoni mpaka itoke bila udongo. Kama kuna mkanda wa mpira wa kuzuia maji, lazima uwe wazi kuanzia juu hadi chini. Inachukua saa moja au mbili, na kreni inasubiriwa kwingine. Shinikizo la kuiruka ni kubwa.

Kizimba cha nondo kinashushwa mapema baada ya kusafisha, kabla mchanga haujaanza kutua. Kinga ya zege nje ya nondo iwe sentimita 7.5, na nafasi kati ya nondo za wima isipungue sentimita 10, la sivyo zege halipiti na tope linabaki limefungwa kwenye kona. Michoro yenye nondo zilizosongamana ni mibaya kuliko inavyoonekana ofisini. Afadhali nondo nene chache kuliko nyembamba nyingi.

Zege lenyewe liwe laini, mshuko wa sentimita 20 hivi (kimo ambacho zege bichi hushuka likitolewa kwenye koni ya kupimia), kwa sababu hakuna kulitetemesha. Linashuka kwa tremi, bomba refu la kumwagia zege chini ya tope, lenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 25. Paneli ya mita 6 inahitaji mabomba mawili, kwani zege lisisafiri zaidi ya mita 2.5 kwenda kando. Kwanza bomba linazibwa kwa mpira, linakaa sentimita chache juu ya sakafu, na zege la kwanza linamwagwa kwa mkupuo. Tangu hapo mdomo wa bomba ubaki umezama ndani ya zege mita 2 hadi 3. Ukilivuta kupita uso wa zege, hata mara moja, tope linaingia ndani ya bomba na unamwaga juu ya tope: umejenga tabaka la udongo ndani ya ukuta. Ukilizamisha mno, zege linakwama na nondo zinaanza kuinuka. Zege lipande angalau mita 3 kwa saa. Kwa paneli ya mita 30 ni mita za ujazo 180, malori 26 na zaidi, saa kumi mfululizo katikati ya foleni za jiji. Mpango wa barabara, kiwanda cha pili cha akiba na kibali cha kufanya kazi usiku ni sehemu ya uhandisi, kama nondo zilivyo. Mwishoni zege linapitishwa juu ya kimo kinachotakiwa, kwa sababu sentimita 50 za juu huwa zimechanganyika na tope, na hukatwa baadaye.

Boston, Marekani, iliona matokeo ya tope lililofungwa ndani: Septemba 2004 maji yalifumuka katika ukuta wa handaki la barabara kuu katikati ya jiji, magari yakiwa yanapita, na sababu ilikuwa udongo uliobaki ndani ya zege la paneli. Amsterdam ilipata lake kwenye viungo. Katika kituo cha Vijzelgracht cha reli mpya ya kaskazini hadi kusini, viungo vya ukuta vilivuja Juni 2008, na tena Septemba mwaka huohuo. Mchanga ulitoka pamoja na maji, na nyumba za wafumaji za karne ya 17 zilizo kando ya barabara zikashuka, nyingine zaidi ya sentimita 20. Kazi ilisimama. Ili kuendelea, ardhi nyuma ya viungo iligandishwa kuwa barafu wakati wa kuchimba. Reli ilifunguliwa Julai 2018.

Kuna jaribio moja ambalo lingepaswa kuwa sheria kila mahali. Ukuta ukishafunga mzunguko, kabla ya kuchimba, sukuma maji yaliyo ndani yashuke mita kadhaa na uangalie visima vidogo vya kupimia vilivyo nje. Kisima cha nje kikishuka pamoja na cha ndani, nyuma yake kuna kiungo kibovu. Unakijua wakati ardhi bado imejaa pande zote mbili, na unaweza kuchoma sindano za saruji au kemikali kutoka nje bila haraka.

Na kiungo kikivuja shimo likiwa wazi, tazama rangi ya maji kwanza. Maji safi ni kero: yaongoze kwa bomba, choma sindano za poliurethani, endelea. Maji yenye wingu yanabeba ardhi ya jirani, na kila ndoo ya mchanga inayoingia imeacha tundu la ujazo uleule chini ya nyumba ya mtu. Usianze kuziba kwa magunia matupu na mbao, kwani maji yatahamia pembeni na kuchimba zaidi. Rudisha udongo mbele ya kiungo mara moja, kwa wingi, mpaka uzito wake ushinde msukumo. Ikishindikana, jaza shimo maji hadi viwango vilingane. Rundo la mchanga na mashine ya kuusukuma vikae sakafuni kila siku, vikiwa na dereva.

Ukuta wa New York upo bado. Septemba 2001 minara ilipoanguka, sakafu za chini zilizoushikilia zikaharibika, na upande wa kusini ukasogea ndani zaidi ya sentimita 25. Uliimarishwa kwa nanga mpya za nyaya za chuma zilizotobolewa hadi mwambani wakati kifusi kikiondolewa, na mto haukuingia. Kipande chake kimeachwa wazi ndani ya jumba la makumbusho la mahali hapo. Uso wake una vichwa vya nanga, na zege lake lina matuta na mabonde, kwa sababu halikumwagwa kwenye mbao wala bati. Kila bonge ni mahali ambapo ardhi ya pale iliachia kidogo, na tope likaizuia nyingine isifuate.